Neno Nililolisikia Migombani

Jumatatu, 5 Aprili 1976

Jana Padri Reverien alitoa tangazo baada ya Misa. Kuanzia Pasaka tutakuwa na jumuiya ndogo za Kikristo, nyumba chache chache, tusali pamoja na kusaidiana. Kila jumuiya itachagua mwenyekiti wake Jumatatu ya Pasaka. Tusitazame cheo wala elimu, akasema. Tumchague aliye mnyenyekevu kuliko wote.

Mnyenyekevu kuliko wote! Moyo uliniruka. Nani kijijini hapa ananishinda kwa unyenyekevu? Mimi, Makarius, bwana shamba wa serikali, mwenye cheti cha kilimo na kaunda suti, na bado nawapungia wakulima mkono nikiwa juu ya baiskeli. Mtu mwenye majivuno angepita tu.

Vikwazo ni viwili. Cha kwanza ni Venanti. Cha pili ni nguruwe wa Venanti.

Acha niandike yote, shajara haina mdomo. Nilipohamishiwa huku Kasulu kutoka kwetu Tabora sikumjua mtu. Juma la kwanza tu nikashikwa na homa. Venanti alinipakia kwenye baiskeli akanisukuma mpaka hospitali Kabanga, matope na milima, yeye peku. Tangu hapo tukawa ndugu. Operesheni ya vijiji ilipotupanga kwenye mistari, nyumba yangu ikaangukia mbele ya yake, migomba yake tu katikati. Mke wangu Theodosia na mke wake Immakulata wakawa hawaachani.

Kisha mwezi wa pili mwaka huu nguruwe wake akaingia shamba langu la mfano, akafukua maharage yote. Nikampeleka Venanti kwa balozi wa nyumba kumi. Mbele ya watu nikasema mnyama hufuata tabia za mwenyewe. Watu wakacheka. Venanti hakucheka. Hajaniamkia mpaka leo.

(Lango la shamba sikulifunga, ni kweli. Nilikuwa nakimbilia taarifa ya habari redioni. Lakini nguruwe mwenye adabu angebisha hodi. Hili halimhusu mtu.)

Sasa Theodosia anataka binti yetu Nyamizi abatizwe Pasaka, na wazazi wa ubatizo wawe Venanti na Immakulata, kama walivyopatana kabla mtoto hajazaliwa. Mimi namtaka bwana kilimo wa wilaya. Anavaa tai. Padri naye amekata kauli: hambatizi mtoto ambaye baba yake hasemi na jirani. Theodosia kaniambia niende nikaombe radhi. Niombe radhi mimi! Nikiomba radhi watu watadhani nina kosa. Mwenye kosa hachaguliwi. Na tayari kuna mzee mmoja anatania kwamba Venanti angefaa kuwa mutware, ndivyo Waha walivyowaita watawala wao wa zamani.

Mpango: kungoja. Venanti aje kwanza.

Jumanne, 6 Aprili

Naogopa. Wino unarukaruka karatasini.

Leo alasiri nilikuwa migombani nikikagua ugonjwa wa migomba. Sikuwa nasikiliza maneno ya watu. Kama ugonjwa umeamua kukaa karibu na ukuta wa Venanti, nifanyeje? Ndani walikuwa wawili, Venanti na Ndayiragije. Ndayiragije ni yule mzee mkimbizi aliyevuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, peke yake, bila mke, bila watoto. Venanti alimpa kibanda uani. Mtu mkimya. Akikutazama unajikagua vifungo.

Walikuwa wakiongea Kiha. Kiha nakijua. Watu wakiniuliza nimekijua kiasi gani huwaambia chote.

Nikasikia "bwana shamba". Nikasikia "Pasaka". Kisha Ndayiragije akasema taratibu, kama mtu anayeapa: "kwicisha bugufi." Nikamsikia Venanti akiweka kikombe chini. Halafu akaitika: "Ego." Yaani ndiyo.

Nikalichambua neno lile papo hapo, nimechuchumaa, kama nilivyofundishwa kuchambua udongo. Kwica ni kuua, hilo najua, nyoka akionekana kijijini ndilo neno wanalopigia kelele. Kwicisha basi ni kufanya mtu auawe. Na bugufi? Bugufi ni karibu. Au ni ile Bugufi ya Ngara, mbele ya Kibondo, kwenye milima. Kwa hiyo ama nitauawa karibuni, ama nitauawa Bugufi. Sioni tafsiri ya tatu.

Kwa sababu ya nguruwe! Na nguruwe mwenyewe mzima, kanenepa kwa maharage yangu!

Nimerudi ndani kwa kutambaa. Theodosia akauliza mbona nina matope kifuani. Nikamwambia kazi ya serikali. Nilitaka kumwuliza maana ya neno lile, maana yeye amejifunza Kiha kisimani na wanawake wenzake. Lakini juzi tu nilimsahihisha Kiha chake mbele ya wageni. Siwezi. Bora kufa.

Hapana, si bora kufa. Lakini siwezi.

Jumatano, 7 Aprili

Baiskeli mpaka Kasulu mjini. Kila kichaka njiani kilikuwa na mtu. Nilipokaribia hakikuwa na mtu, nikaogopa zaidi.

Kwanza dukani kwa Omary. Huyu ni mtu wa Ujiji, Mwislamu mcha Mungu, ameshindana bei na Waha tangu utoto na Kiha chake hakina kasoro. Nikaomba kufuli. Kisha kwa ujanja, kama mtu anayeuliza habari za mvua, nikamwuliza kwica ni nini. Akasema ni kuua.

Nikaishika meza yake kwa mikono miwili. Omary akaniambia hebu nimtajie maneno yote niliyoyasikia, kwa kuwa neno la Kiha likipata mkia linageuka kitu kingine. Nikasema lilikuwa hilo tu. Ningemtajia lote angejua sikijui Kiha, na habari ingefika kijijini kabla yangu. Akanitazama kwa huruma, akasema bwana shamba macho yako mekundu, nenda kapumzike. Nikanunua na kufuli ya pili.

Kisha ofisini kwa bwana kilimo wa wilaya. Nikaomba uhamisho. Sababu? Nikasema hewa. Alifurahi haraka mno, jambo lililoniuma. Akasema nafasi ipo, wilaya ya Kibondo, kijiji cha juu kabisa, hewa safi mpaka basi. Ukisimama mlimani, akasema, unaiona Bugufi.

Nikakaa kwenye kiti ambacho hakikuwepo.

Aliponiinua nikamwambia hewa ya Kasulu imekuwa nzuri ghafla. Habari ya ubatizo sikuthubutu kuitaja. Na yeye yumo? Mbona alitaja Bugufi bila kuulizwa? Nimerudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka, nimepotea, nimeelekezwa na mtoto wa shule aliyeniuliza kama mimi ndiye bwana shamba wa hapa.

Ijumaa, 9 Aprili

Immakulata ameleta chungu cha maharage na ndizi, kimefunikwa jani. Akamwambia Theodosia ni cha bwana shamba, anaona Kwaresima imemkondesha.

Sasa huku anayeleta chakula au kinywaji huonja kwanza mbele yako, kutoa uchawi, ndipo nawe ule kwa amani. Immakulata hakuonja! Theodosia anasema alikuwa anawahi Njia ya Msalaba. Nikasema nimefunga. Theodosia akashangaa, maana asubuhi nilikuwa nimekula uji na kiporo cha jana.

Nikachota kidogo nikampa kuku mwekundu uani. Akala. Akaenda juani. Akalala upande, bawa limetandazwa, jicho limefumba.

Nilipiga magoti palepale kwenye kinyesi chake. Nikasali sala ya majuto yote, hata mistari ninayoisahau siku zote. Nikamwahidi Mungu mambo mengi. Nitafunga mdomo wangu mikutanoni. Nitashuka kwenye baiskeli kuwasalimu watu. Nitamwambia Venanti habari ya lango. Niliposema amina kuku alikuwa anajipiga vumbi mbawani, mzima kuliko mimi.

Ahadi zile nilizitoa kwa hofu. Nadhani hazihesabiki.

Wakati huohuo Theodosia alikuwa amekimaliza chungu chote. Nikaketi mbele yake kumtazama anavyopumua. Nilimwogopea kweli. Ni mke wangu, alinifuata huku kwenye baridi na milima asiyoijua, na hajanilaumu hata siku moja. Baada ya muda akanifukuza, akasema namtia kichefuchefu kwa kumkodolea macho. Nimelala na njaa.

Jumapili ya Matawi, 11 Aprili

Hata Padri!

Kanisa lilijaa mpaka nje, matawi juu. Padri Reverien alihubiri Bwana wetu alivyoingia Yerusalemu juu ya punda. Kwa Kiswahili, polepole, vizuri. Mfalme angepanda farasi, akasema, yeye akachukua punda wa kuazima. Nikaanza kupoa. Nikafikiri labda nilisikia vibaya Jumanne. Kisha Padri akafunga kitabu, akainama mbele, akawaambia watu kwa Kiha chao, na alinitazama mimi, naapa alinitazama mimi: juma hili, kila mtu, kwicisha bugufi!

Na kanisa zima likaitikia kwa vichwa. Wanaume, wanawake. Vikongwe walitabasamu.

Nilipiga kelele. Si kubwa. Ilitosha kwaya kudhani ni sauti ya kuanzia, wakaanza wimbo wa matoleo kabla ya wakati, Padri akabaki mdomo wazi.

Baada ya Misa Venanti akanijia, tawi mkononi, midomo inacheza kama mtu anayetafuta neno. Nikarudi ndani, nikatokea mlango wa sakristia, nikaruka ua. Kaunda suti imechanika nyuma. Theodosia kaniambia Venanti alibaki amesimama pale peke yake, tawi limelegea, anasikitisha. Nikamwambia wauaji wengi wanasikitisha. Akauliza wauaji gani. Nikasema wale wa kwenye Biblia.

Ameanza kunishika paji la uso kila jioni kuangalia kama nina homa.

Alhamisi Kuu, 15 Aprili

Padri alichagua wanaume kumi na wawili wa kuoshwa miguu, kama Bwana alivyowaosha mitume. Nami nimo! Nilitaka kukataa kwa hofu, nikakumbuka uchaguzi, nikakubali. Nikakaa kwenye benchi mbele ya watu wote, nimevua viatu. Aliyewekwa kando yangu ni nani? Venanti. Magoti yetu yanagusana.

Padri alipofika kwangu na beseni miguu yangu ilitetemeka mpaka maji yakamrukia usoni. Akadhani ni baridi, akaikausha vizuri zaidi ya ile ya wenzangu.

Ndipo Venanti, bila kugeuza shingo, akaninong'oneza: "Bwana shamba, Jumamosi mchana tuje kwako. Usiende mahali."

Usiende mahali!

Nikainamisha macho nisimwone, nikaona miguu yake. Kwenye kidole kikubwa cha kulia pana kovu. Jiwe la njia ya Kabanga lilimkata siku ile ananisukuma nina homa, naye hakusimama hata kukifunga. Amekonda Venanti. Niliona hivyo na ikaniuma, pamoja na hofu yote. Neno la lango likanipanda, likafika kwenye meno. Nilikuwa nalisema, kweli tena. Kisha nikanyanyua kichwa, na nyuma ya nguzo alikuwa amesimama Ndayiragije, ananitazama, anaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeridhika na mpango wake.

Neno likarudi tumboni.

Jumamosi Kuu, 17 Aprili

Asubuhi. Nimefunga kufuli, mlango wa mbele na wa nyuma. Theodosia kauliza wageni watapita wapi. Alikuwa ameshajua wanakuja, na amefagia uwanja! Nimefungua. Nimemwomba Mungu anihurumie, nimemwomba na mtakatifu wangu, ingawa sijui alifanya nini.

Jioni. Nipo hai. Niandike sasa hivi.

Walitoka kwao mchana, niliwaona dirishani. Venanti mbele, panga mkononi. Ndayiragije nyuma yake na chungu cha pombe na mirija. Immakulata na kikapu kilichofunikwa, na ndani ya kikapu kitu kinalia kilio cha mwisho. Wameanza mazoezi! Nikamwambia Theodosia amchukue mtoto akimbie. Akasema akimbilie wapi na wageni ndio hao, na mimi nivae shati.

Nilitoka mlango wa nyuma. Wao walikuwa wamefuata njia ya pembeni, upande uliobaki wazi ulikuwa mmoja tu: migombani. Migomba ya Venanti mwenyewe! Pale katikati pana shimo lao la kuivishia ndizi kwa moshi, limefunikwa kwa majani ya migomba. Nikaingia. Nikajifunika. Ndizi chini, mimi juu yake, magoti kidevuni. Joto, moshi wa juzi, na kitu kikitembea shingoni. Nikasali kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi, na kwa Kilatini kile kidogo nilichobakiwa nacho.

Nikawasikia wakibisha hodi. Theodosia akawakaribisha, akasema siko mbali. Venanti akasema watanisubiri. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuwinda. Halafu nikamsikia Immakulata akisema kwa kuwa bwana shamba bado hajaja, ngoja akamwongezee ndizi mbivu.

Ndizi mbivu! Nilikuwa nimezikalia!

Nyayo zikaja. Majani yakafunuliwa. Akaona mgongo wa mtu.

"Yesu, Mariya na Yosefu!" Kijiji kizima kilisikia.

Wakaja wote mbio, Venanti na lile panga la kukatia majani ya kukalia, ingawa wakati huo sikujua ni la kukatia majani. Nikafumba macho. Nikataka kusema nipige haraka, sauti ikagoma. Kisha nikasikia panga linaanguka mbali kwenye nyasi. Nikafungua jicho moja. Venanti alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa shimo, analia waziwazi, mtu mzima, hajali.

"Bwana shamba," akasema, "umenishinda. Sisi tumekuja kwicisha bugufi mbele yako, tukuombe radhi ya yule mnyama. Kumbe wewe umetangulia! Umeshuka mpaka shimoni mwangu, unaningojea humu!"

Ndayiragije akavua kofia. Akasema tangu azaliwe, huku na kule kwao, hajaona mtu akijishusha kiasi hiki.

Nikatazama juu, nikamwona Theodosia, mtoto mgongoni. Akainama kama anayenipangusa majani, akaniambia sikioni: "Kunyenyekea, Baba Nyamizi. Kujishusha. Ndiyo maana yake. Kwani ulidhani nini?"

Sikumwambia nilidhani nini.

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningesema: ndugu zangu, nimewakimbia. Ningesema: lango lilikuwa wazi, na mimi ndiye niliyeliacha wazi. Lakini watu walikuwa wameshajaa, balozi, wazee, nusu ya kwaya, na wote walinitazama kwa macho ambayo sijatazamwa nayo tangu nifike wilaya hii. Nikaisikia sauti yangu inasema: "Ndiyo. Nimo humu tangu asubuhi. Nasali."

Vilio! Venanti akaninyooshea mkono, ule ule ulionishikilia kwenye baiskeli nisianguke, akanivuta. Nililia na mimi. Nililia kweli. Kiasi ni moshi, lakini kingi ni aibu.

Kilichokuwa kinalia kikapuni ni mtoto wa nguruwe, mtoto wa yule yule, wamenipa nifuge. Pombe ikawekwa katikati. Tulikunywa kidogo tu kwa kuwa Kwaresima haijaisha, kwa ajili ya amani. Venanti akaonja kwanza, akanigeuzia mrija. Ndayiragije akasema kwao palikuwa na majirani waliokaa bila kusemeshana muda mrefu, kila mmoja anangoja mwenzake aje kwanza. Hakumaliza. Akainamia mrija wake. Kumbe ni yeye aliyemsumbua Venanti siku zote hizi aje kwangu. Ni yeye, niliyemwogopa kuliko wote. Hili nimeliandika polepole maana linaniuma.

Jumapili ya Pasaka, 18 Aprili

Bwana amefufuka! Nyamizi amebatizwa Perpetua. Immakulata alimshika mtoto, Venanti alishika mshumaa kwa mikono miwili. Mtoto hakulia. Theodosia alilia kwa niaba yake. Nikawatazama wote wanne na sikuwa na tamaa ya kitu kingine chochote duniani, kwa dakika nzima.

Padri alihubiri juu ya mtu mmoja kijijini aliyeshuka shimoni Jumamosi Kuu, siku ambayo Bwana mwenyewe alikuwa kaburini. Hakutaja jina. Nikakohoa kidogo ili wageni wa kutoka mbali wasipate shida. Akaendelea bila kutaja. Nikakohoa tena. Jirani yangu akanipa leso.

Baada ya Misa watu wakaja kuliona shimo. Wengine walitoka mpaka upande wa Munanila, wamekuja sikukuu kwa ndugu zao. Wakaomba niwaonyeshe nilivyokaa. Nikaingia. Kundi la pili likaja likaomba hivyo hivyo, na safari hiyo magoti niliyakunja vizuri zaidi, nikaongeza na mikono kifuani. Venanti alitaka kulifukia asije mtoto wa mtu akatumbukia. Nikamsihi aliache, liwe ukumbusho. Akasema sawa, ndugu yangu.

Jioni Theodosia ameniambia, bila kugombana, basi sasa kamwambie Venanti habari ya lango.

Anajua! Aliliona wazi siku ile ile. Amenyamaza muda wote huo, anangoja niseme mwenyewe. Nilishindwa kumtazama. Nimemwambia nitasema, lakini baada ya uchaguzi. Mtu akinyenyekea mara nyingi mfululizo watu huona anajionyesha.

Jumatatu ya Pasaka, 19 Aprili

Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya!

Kwanza walimtaja Venanti. Yule mzee wa utani ndiye aliyemtaja. Venanti akasimama, akasema yeye hafai mbele ya mtu aliyemshinda kwa kujishusha, akaninyooshea kidole. Mikono yote ikaenda juu. Nikatoa hotuba kuhusu unyenyekevu mpaka kivuli cha kanisa kikahama upande wa pili. Niliwaambia mimi si kitu. Niliwaambia mara nyingi, na kwa sauti, maana wengine walikuwa wamekaa nyuma.

Nilipomaliza nikamwendea Venanti. Nilikuwa nakwenda kumwambia habari ya lango. Naapa. Nilishamshika bega. Ndipo wazee wakaanza kupiga makofi yao ya taratibu ya Kiha, wananitazama, wanasema pamoja: "Azotutwara! Azotutwara!" Na aliyepiga makofi kuliko wote ni yule yule mzee aliyekuwa akimtaka Venanti awe mutware.

Nikalichambua neno palepale, bega la Venanti bado liko mkononi. Kutwara. Hiyo ni kutwaa, wameitia r tu. Na nani hutwaliwa? Kila mazishi tunaambiwa Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nitatwaliwa! Ndiyo maana walinichagua haraka vile. Na shimo lipo tayari, wazi, katikati ya migomba, kipimo changu wameshakiona zaidi ya mara moja!

Theodosia aliyaona macho yangu akaja mbio. Akafungua mdomo anieleze: "Atatuongo..." Nikamnyamazisha kwa mkono. Mwenyekiti hawezi kufundishwa Kiha na mke wake siku ya kwanza ya kazi, mbele za watu. Alinitazama, akaketi chini palepale kwenye majani, akacheka mpaka mtoto mgongoni akaanza kucheka naye. Maskini, hajui anachekea mazishi.

Naandika haya nikiwa darini, kati ya mahindi na panya. Shimoni walinipata kwa sababu nilikwenda chini. Safari hii nimepanda juu. Lango sijalisema, nitalisema nikiwa salama. Venanti amekuja, yupo hapo sebuleni, ananiita kwa upole, anasema chakula kimeiva, wote wananingoja mimi tu, nishuke tule.

Sishuki.